Kichwa Wamekishona, Ulimi Nani Ataufungua?

Kijana mwenzetu, huyu unamfahamu. Karibu kila kijiwe kinaye. Alikuwa dereva wa bodaboda, mcheshi kupita kiasi. Leo amekaa barazani kwa mama yake, mkono umekunjamana, maneno hayatoki. Gari lilimgonga. Hospitali wakamshona, wakaokoa uhai wake, kisha wakamruhusu. Tunawashukuru. Lakini wamemruhusu aende kwa nani?

Mtaani wanasema karogwa. Wengine wanamwita taahira. Uongo mtupu! Ubongo ukiumia, hasa upande wa kushoto, mtu anaweza kuelewa kila unalomwambia, na bado akashindwa kutamka neno "maji".

Huyu anahitaji wataalamu watatu: wa fiziotherapia auamshe mkono, wa tiba ya usemi amfundishe upya kutamka, na mwanasaikolojia amsaidie asikate tamaa ya kuishi. Tena mapema, siyo baada ya mwaka mzima wa kulala kitandani.

Haya, watafute! Dar es Salaam utahangaika Muhimbili na CCBRT, Moshi utakwenda KCMC. Aliyeko Nanjilinji au Kibondo afanyeje? Huyo wa usemi ndiye maziwa ya kuku kabisa. Na penye uhaba wa wataalamu, matapeli hawakosekani. Msomaji, kabla hujatoa hata senti, dai cheti na usajili. Anayekuahidi kuwa mgonjwa ataongea baada ya siku tatu, mkimbie.

Serikali haiwezi kusema haijui. Mwaka 2009 iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 26 inataka huduma za kumrudishia mtu uwezo wake zianze mapema na ziwe karibu na anakoishi, hata vijijini. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Karatasi tunazo. Watu wako wapi? Majengo yanazinduliwa kwa utepe na ngoma, lakini ukuta haumfundishi mtu kusema.

Tunasema: kila hospitali ya mkoa iajiri wataalamu hao watatu, na vijana wasomeshwe kazi hiyo. Mgombea akija kijiweni na fulana, mwulize hilo kwanza. Mwenzetu pale barazani hawezi kuuliza. Sisi ambao ndimi zetu bado nzima, tunanyamazia nini?