Bisibisi Bila Kipimo

Imekuwa desturi kwamba pikipiki ikikosa nguvu, au mashine ya kuvuta maji ikitoa moshi mweusi, bisibisi hushikwa kwanza. Skrubu ya kabureta huzungushwa mpaka sikio liridhike. Kwa maoni yangu desturi hii ina hasara, na shule za sekondari zina wajibu wa kuirekebisha.

Kabureta huchanganya petroli na hewa. Gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Hapa Cheyo, mjini Tabora, tupo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Wapagazi wa misafara walipopanda kutoka Bagamoyo, miili yao ilijizoeza yenyewe. Kabureta haina uwezo huo: iliyorekebishwa pwani, huku hutoa petroli iliyozidi. Plagi hushika masizi, na fedha ya mwenye chombo hupotea pamoja na moshi.

Hata hivyo, chujio la hewa lililoziba kwa vumbi huleta dalili zile zile. Basi lisafishwe kwanza. Tena, katika kabureta nyingi ndogo skrubu ya mchanganyiko hutawala zaidi injini inapozunguka taratibu bila mzigo. Mwendo wa kasi hutegemea tundu la jeti kuu. Anayetaka kuponya yote kwa skrubu hiyo anajisumbua bure. Akipunguza petroli kupita kiasi, injini huchemka na plagi huwa nyeupe. Rangi ya kahawia ndiyo dalili ya afya.

Sidharau sikio la fundi, kwani limefunzwa kwa miaka mingi. Lakini sikio halirithishwi. Kipimo kilichoandikwa hurithishwa. Mwalimu wa fizikia na amwalike fundi shuleni. Injini ipate moto, nje penye hewa, maana moshi wake una kaboni monoksidi, gesi inayoua. Skrubu izungushwe robo kwa robo, na wanafunzi waandike hesabu ya mizunguko, rangi ya plagi, na petroli iliyotumika kwa mwendo uliopimwa.

Somo hili halihitaji maabara ya gharama. Linahitaji daftari, na mwalimu asiyeona haya kuchafua mikono.