Asiyekuwapo na Lake Halipo

Mkuyuni, Mwanza

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki imekuwa ikishughulikia mawasiliano ya usalama katika Ziwa Victoria. Mwaka 2016 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa fedha kwa mradi huo, na Mwanza ikachaguliwa kuwa mahali pa kituo kikuu cha kuongoza uokoaji. Ni jambo jema, nasi twalipongeza. Lakini mwananchi mwenye akili hapigi makofi tu. Huuliza pia: Nani amekaa mezani? Nani anasemewa na mwenzake? Nauliza hivi kwa sababu habari ya simu ya upepo katika ziwa hili si mpya. Ina umri wa zaidi ya miaka 110, na sehemu kubwa ya miaka hiyo wenyeji hawakuulizwa hata neno moja.

Tuanze na simu ya nyuzi, maana ndiyo iliyotangulia. Machi 1899 Cecil Rhodes, yule tajiri wa Afrika ya Kusini, alikwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm wa Pili. Alitaka ruhusa ya kupitisha katika nchi yetu nyuzi zake za kutoka Cape hadi Cairo. Wakapatana. Mwingereza na Mdachi, wageni wote wawili, walipatana juu ya milingoti itakayosimama katika ardhi ya Wafipa na Waha, wala hakuna Mfipa au Mha aliyeitwa kutoa shauri. Nyuzi zile zilifika Ujiji zikakoma hapo. Rhodes mwenyewe alikufa mwaka 1902.

Kisha ikaja simu isiyotaka nyuzi, nayo ikaleta ugomvi mara moja huko Ulaya. Kampuni ya Marconi iliwakataza mafundi wake kupokezana habari na wenye mitambo ya kampuni nyingine. Habari ikitoka katika mtambo wa mpinzani haikupokelewa, hata kama masikio yameisikia. Mdachi, ambaye alikuwa na mitambo yake ya Telefunken, akawaita wakubwa wa dunia Berlin mwaka 1903, akawaita tena mwaka 1906. Mapatano ya 1906 yalisema kwamba vituo vya pwani na meli lazima vipokezane habari bila kujali mtambo ni wa nani, na kwamba kilio cha meli iliyo hatarini kitangulie mbele ya habari nyingine zote. Hapo ndipo alama ya SOS ilipokubaliwa na mataifa. Na baada ya meli ya Titanic kuzama Aprili 1912, mataifa yalikutana London, na tarehe 5 Julai yakatia sahihi mapatano mapya: meli kwa meli nazo zipokezane habari, bila ubaguzi wa mitambo.

Sasa sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Katika mapatano hayo ya London, kifungu cha 12, dola yenye makoloni iliruhusiwa kuyahesabu makoloni yake kama nchi, ili ipate kura zaidi, mradi zisipite sita. Na katika orodha ya nchi hizo limo jina la Afrika ya Mashariki ya Kidachi. Ndiyo nchi yetu hii! Kongo nayo imo, kura yake ikiwa mkononi mwa Mbelgiji. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka mitano tu nyuma. Mtu aliyeuawa kwa sababu alisema kwake, alihesabiwa London kuwa amesema. Tulikuwa na kura mwaka 1912, lakini kura hiyo ilikaa mfukoni mwa Mdachi.

Wakati huo vituo vilikuwa vimekwisha simama hapa kwetu. Mwaka 1911 Mdachi alifungua simu ya upepo Mwanza na Bukoba, habari zikavuka maji pasipo nyuzi. Dar es Salaam ikapata kituo chake mwaka 1913. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Entebbe, alikuwapo Mwingereza. Majirani hawa walikuwa wamekaa meza moja Ulaya, lakini waliyopatana yalikuwa ya meli za baharini. Mtumbwi wa Mkerewe na wa Mjaluo haukuwamo katika karatasi zao.

Vita ilipokuja mwaka 1914, karatasi zile hazikuzuia kitu. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliipiga mizinga Dar es Salaam kwa sababu ya simu ya upepo. Juni 1915 majeshi ya Mwingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, na tarehe 22 na 23 yakapigana Bukoba, yakakivunja kituo cha simu, na mji ukaporwa. Julai 1916 Mwanza nayo ikatekwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Chombo ambacho mataifa yalikubaliana kitumike kuokoa watu kikawa sababu ya kuwavutia mizinga watu ambao hawakukiomba.

Lakini tusiseme wageni tu. Tulipopata uhuru meza ilikuwa yetu. Posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zimeunganishwa tangu mwaka 1933, na mwaka 1967 Jumuiya ikawa na shirika moja la posta na simu lenye makao yake Kampala. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, Kenya. Basi mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na ugomvi wa kugawana mali haukupata mapatano mpaka mwaka 1984. Dhoruba ya ziwani haikungoja viongozi wapatane. Iliendelea kuwapiga watu wa pande zote tatu.

Kwa hiyo mimi nasema watu wa ziwa wadai mambo matatu, tena wayadai mapema.

La kwanza, kilio cha hatari kisiwe na mpaka. Mvuvi wa dagaa akikaribia maji ya jirani, simu yake yaweza kushika mnara wa nchi nyingine. Akiita msaada asiulizwe laini yake ni ya kampuni gani wala ana salio gani. Ajibiwe na kituo kilicho karibu naye, kiwe Mwanza, Kisumu au Entebbe, na chombo kilicho karibu kiende. Kama wafanyabiashara wa mwaka 1906 walilazimishwa kupokea habari za wapinzani wao, wa leo wana udhuru gani?

La pili, lugha ya uokoaji ziwani iwe Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi. Kenya na Tanzania hatuna haja ya kuambiana. Mtu anayezama hatafuti Kiingereza.

La tatu, wavuvi, mabaharia na wachuuzi wa visiwani wawe na wajumbe wao katika mashauri hayo. Wao wanajua upepo hugeuka saa ngapi, na ni wapi simu haishiki kabisa. Mwanza haijasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama na mamia ya watu. Msiba wa namna hiyo una mashahidi, nao wanastahili kusikilizwa.

Wako watakaosema mambo ya mitambo ni ya wataalamu, na mipaka ni usalama wa taifa. Wataalamu tunawaheshimu, lakini kazi yao ni kuonyesha njia ya kufika, si kutuchagulia tunakokwenda. Na kuhusu mipaka, mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan ya Kusini zilipatana kupunguza gharama za kupigiana simu. Kama imewezekana kwa mazungumzo ya biashara, kwa kilio cha mtu aliye majini itashindikanaje?

Basi matawi yetu ya mwambao yaanze kazi. Kila mwalo uchague watu wawili watatu, waandike taabu zao na mahali zinapotokea, wazifikishe kwa diwani na mbunge kabla sahihi hazijatiwa. Mwaka 1912 tulihesabiwa bila kuulizwa. Safari hii tuulizwe kwanza.