Nani Anabaki na Mtoto?

Kwetu Swima, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, mama hamlipi mtu kushinda na mtoto wake kutwa nzima, kwa hiyo wanaokuja na fomu wanaandika sufuri. Kwa mwezi unatoa makuta ngapi ili mtoto atunzwe wewe ukiwa kazini? Mama anawaza, anatazama mlimani, anajibu kwamba hatoi kitu. Sufuri inaandikwa. Wageni wanapanda pikipiki, wanaenda Mboko, wanaandika sufuri nyingine. Ndivyo pwani ya Fizi, toka Makobola hadi Baraka, inavyohesabiwa kuwa mahali ambapo malezi ya mtoto ni bure.

Si bure. Tunalipa kila siku, tena tunalipa sana. Ni kwamba hatulipi kwa noti.

Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa inarudi alfajiri, na ndagala, samaki wetu wadogo, hazimsubiri mtu. Mama lazima awe ufukoni zinapofika, apatane bei, abebe beseni, azianike kabla mvua haijaamua lake. Wengine muda huohuo wako njiani kupanda mlima kwenda kwenye mihogo, jembe begani, na mashamba ya karibu yamekwisha kugawanywa hadi hayagawanyiki tena, kwa hiyo wanaenda mbali. Mtoto wa kunyonya yuko mgongoni. Huyo hana taabu, kila aliyezaa anajua. Taabu ni yule anayemfuata, wa miaka miwili au mitatu, aliye mzito kumbeba na mdogo kumtuma, anayejua kukimbia na hajui kinachoua.

Na vinavyoua viko karibu. Upande mmoja kuna ziwa, upande mwingine kuna barabara ya Uvira na Baraka, yenye pikipiki na malori yanayojaribu kufika kabla ya giza. Maji ya Tanganyika yalipanda mwaka 2021, yakapanda tena mwaka 2024, yakala fukwe na nyua ambako watoto walikuwa wanacheza. Kipindupindu hakijawahi kutuaga kabisa, na mtoto wa miaka miwili akisikia kiu anakunywa maji yaliyo mbele yake. Kumwacha peke yake haiwezekani. Kumbeba haiwezekani. Kuacha kazi haiwezekani pia, maana jioni sufuria itauliza.

Basi anabaki msichana.

Ana miaka tisa au kumi, ndiye wa kwanza kuzaliwa kati ya wasichana wa nyumba. Hakuna mtu anayemwambia aache shule. Anaambiwa leo tu, kwa sababu leo kuna ndagala. Wiki inayofuata ni leo tu tena, kwa sababu ya soko. Ukifika wakati wa kupanda ni leo tu kwa siku nyingi mfululizo. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali haitozi karo, na tulifurahi, tulicheza, tuliwaandikisha wote, wavulana na wasichana. Ila kinachomtoa huyu darasani hakikuwa karo peke yake. Mwalimu hamfukuzi tena, mama ndiye anayemwita. Anafika mwaka wa sita amekosa nusu ya alichofundishwa mwaka wa nne, anaketi kwenye mtihani wa taifa karibu na kaka yake, kaka anapita, yeye anarudia. Halafu sisi majirani tunasema hakuwa na kichwa cha masomo. Tunasema hivyo tukijua vizuri kichwa chake kilikuwa wapi. Kilikuwa kinamwangalia mdogo wake asiingie majini. Kaka alikula bugali uleule, alilala chini ya bati lilelile, na hakuna siku hata moja aliyoombwa abaki.

Pasipo msichana wa kubaki, kuna nyanya. Nyanya wa Swima ana wajukuu wanne au watano mlangoni, wa binti aliyekwenda kuuza chakula kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, wa mwana aliyehamia Kalemie, na wa jirani aliyesema nakuja sasa hivi. Anapelekewa sabuni, sukari kidogo, chumvi. Watu wanasema wazee wanapenda kukaa na wajukuu, na ni kweli wanapenda. Nyanya huyohuyo alikuwa na shamba lake. Limekuwa kichaka, na hakuna aliyeliweka kwenye hesabu.

Wenye mshahara kidogo wanaleta msichana wa ndugu kutoka kijiji cha juu. Malipo yake tunayajua wote, hata kama hatuyatamki: chakula, kipande cha sabuni, kitenge mwisho wa mwaka, na ahadi kwamba Septemba ataandikishwa shule. Septemba inafika, mtoto bado hajajua kukaa peke yake, ahadi inasogezwa. Huyu naye, kwao, alikuwa msichana wa kwanza wa mtu.

Ndugu zetu walio ng'ambo wakipiga simu tunalinganisha. Wengi walikimbilia Tanzania wakati wa vita, wakakaa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, na baada ya miaka mingi ya kungoja wakapelekwa Marekani. Dada mmoja alipotuambia bei ya kituo cha kulelea mtoto kule, watu wote chini ya mti walinyamaza. Hesabu za mwaka 2024 zilionyesha kwamba kwa wastani Marekani mtoto mmoja anagharimu dola 13,128 kwa mwaka. Ni zaidi ya dola elfu moja kila mwezi, mtoto mmoja, na bado hajaanza kuandika jina lake. Tukauliza kama anafundishwa urubani. Hapana, alisema, anacheza, anakula, analala. Gharama ni mikono: sheria za majimbo mengi haziruhusu mlezi mmoja kupewa watoto wachanga zaidi ya wanne au watano, kisha kuna nyumba, moto wa baridi, bima. Mshahara wa mama mmoja wa kiwanda cha nyama hauwezi kubeba hayo. Kwa hiyo mume anafanya kazi mchana, mke anafanya usiku, wanapokezana mtoto mlangoni. Wana barabara ya lami, wana umeme usiozimika, na wanalipa kwa usingizi.

Waliofika Quebec, Kanada, wanasimulia mengine. Kule serikali iliamua mwaka 1997 kwamba mzazi atalipa dola 5 za Kanada kwa siku, na sehemu kubwa iliyobaki itatoka kwenye kodi ya wote. Mwaka 2024 bei ilikuwa dola 9.10. Nafasi hazitoshi, foleni ni ndefu, anayekosa analipa zaidi kwingine, kwa hiyo wao pia wananung'unika. Ila wananung'unikia kitu kilichopo.

Hesabu yenyewe si ngumu, na hapa ndipo tunapokwama sote, wa Swima na wa Marekani. Mwaka 2018 serikali yetu iliweka mshahara wa chini kabisa kuwa franka 7,075 kwa siku, na baadaye ukapandishwa. Tuseme mama wa ndagala anataka kumlipa mtu mzima mshahara huo halali ashinde na mtoto wake. Lazima beseni lake limpe zaidi ya hapo kila siku, siku ya mvua, siku ya mbalamwezi mitumbwi isipopata kitu. Halimpi. Mfanyakazi mmoja hawezi kumlipa mfanyakazi mwingine kutwa nzima na bado akabaki na cha kupikia. Haiwezekani kwa mama mmoja popote duniani mwenye kipato cha kawaida. Ama watoto wanakusanywa pamoja na gharama inagawanywa, ama kodi inaingia kati, ama mtu mmoja ndani ya nyumba anafanya kazi hiyo bila malipo. Kwetu limechaguliwa la tatu, na aliyechaguliwa hakuulizwa.

Sheria zipo. Ile ya kazi ya mwaka 2002 inampa mwanamke aliyeajiriwa wiki 14 za uzazi, na akirudi kazini anapata mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kunyonyesha. Ni sheria nzuri, tunaiheshimu. Ila ziwa halina likizo ya uzazi, na mlima haujui nusu saa. Hata muuguzi mwenye karatasi yake ya kazi, ambaye nyumba yake iko mwendo mrefu kutoka zahanati, hiyo nusu saa haimfikishi kwake. Mtoto lazima aletwe, na anayemleta, mgongoni, juani, ni msichana yuleyule ambaye wenzake wako darasani.

Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo inaitambua maternele, shule ya watoto kabla ya msingi. Kufutwa karo kulianza na shule ya msingi, maternele haikuguswa. Mahali ilipo inalipiwa, na inawarudisha watoto nyumbani kabla ya adhuhuri, wakati mama yuko katikati ya tuta. Mtu alipe, kisha atafute tena wa kumpokea mtoto? Ndiyo maana tunafanya tunachofanya, na bora tukiseme: tunamwosha mtoto wa miaka minne, tunamwongezea miaka miwili mdomoni, tunamwandikisha mwaka wa kwanza. Pale ni bure na kuna mtu mzima. Mwalimu anaona, anajua, hana la kufanya. Darasa lilikuwa limejaa tangu karo ilipofutwa, sasa nusu ya benchi la mbele inasinzia, mmoja analia, mwingine anataka kupelekwa nje, na wale wenye umri wa kusoma wanangoja. Kreshi tuliyonyimwa tumeijenga ndani ya darasa la watoto wetu wenyewe. Tunawaibia wakubwa ili wadogo wasizame.

Njia nyingine tumeiona kwa macho yetu: mahema ya miradi ya kulelea watoto. Kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia, tuliona michoro, mipira, watu wazima wanaolipwa kukaa na watoto wa wengine kwa saa nyingi, na watoto hao wakiwa salama. Tukasema kumbe inawezekana huku kwetu, kwenye joto hilihili, kando ya ziwa hilihili. Lakini hema la mradi huwa na tarehe yake ya kufungwa tangu siku linapofunguliwa, na mtoto anazaliwa bila kuangalia tarehe hiyo.

Baadhi ya wanawake wanasaidiana. Siku ya kupanda mmoja anabaki na watoto wa nyumba kadhaa, wenzake wanamlimia. Inaenda vizuri mpaka mtu anaugua, au milio ya risasi inasikika mlimani na kila mama anataka wake awe mkononi, na hapo hakuna wa kumlaumu. Kinachokosekana ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri: paa, uzio upande wa barabara, maji yaliyotiwa dawa, uji, na wanawake wawili watatu wanaolipwa kila mwezi bila kuambiwa wangoje. Kwa kijiji kizima si mali ya kutisha. Kwa mama mmoja haifikiki kabisa.

Mikutano ya kijiji tunaenda. Tumeomba barabara, tumeomba maji, tumeomba dawa, tumeomba usalama, tumeomba daraja, na tutayaomba tena maana yote tunayahitaji. Wa kuomba mahali pa kuacha watoto hasimami. Wanaume wanaoshika neno hawajawahi kukosa kazi kwa sababu ya mtoto wa miaka miwili, na wanawake ambao wangesema wamekwisha kuondoka, kwa kuwa waliomba ruhusa ya saa moja tu kwa msichana aliyebaki nyumbani.