Mshumaa Unaotoa Jasho

Jumapili hii natoka kidogo katika mapishi na ushonaji, nizungumze juu ya kazi ambayo akina mama na vijana wengi wa Mbinga na Nyasa wanaweza kuifanya nyumbani: kutengeneza mishumaa ya nta ya nyuki yenye harufu nzuri. Lililonisukuma ni tukio lililotokea mbele ya macho yangu.

Mpwa wangu anaishi Mbinga mjini. Hununua nta kwa warina asali, akaichuja, akaigeuza mishumaa yenye harufu ya karafuu, na kuiuza siku za Jumapili watu watokapo kanisani. Tulipokuwa na misa ya kumwombea marehemu bibi yake, katika kijiji kilicho kando ya ziwa, karibu na Mbamba Bay, alikuja na mishumaa dazani moja. Ilipopakiwa Mbinga, asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, ilikuwa mikavu na ya kupendeza. Kufika saa nane mchana, baada ya kuteremka milima ile hadi kwenye joto la ufuko, mishumaa ilikuwa imetoa jasho. Matone ya mafuta yaling'aa ubavuni mwake, na karatasi iliyoizunguka imelowa.

Hatukulitilia maanani. Usiku tukawasha mmoja chumbani. Ulilia kama chumvi iliyotiwa motoni, kisha ulimi wa moto ukaruka na kushika kitambaa cha meza. Nikafunika kwa sufuria iliyokuwa karibu, nao moto ukafa. Chandarua walichokuwa wamelalia watoto wawili kilikuwa hatua mbili tu kutoka pale, na paa la nyumba ile ni la nyasi.

Asubuhi nilimwita mpwa wangu tukaketi barazani.

"Shangazi, nta ni safi kabisa," alisema. "Nimeichuja mwenyewe mara mbili."

"Sina shaka, mwanangu. Lakini mafuta ya karafuu uliyatia lini?"

"Baada ya kumimina nta kwenye mianzi. Niliogopa harufu itapotelea motoni. Nikatia matone, nikakoroga kwa kijiti."

"Ulikoroga kwa muda gani?"

Aliinamisha kichwa. "Mara moja tu, Shangazi. Nta ilikuwa imekwisha anza kuganda."

Basi hapo ndipo penye kiini cha mambo. Nta na mafuta ni ndugu: vyote ni vya asili ya mafuta, navyo vikikutana vikiwa moto hukubaliana na kuwa kitu kimoja. Nta ikipoa huganda kuwa punje ndogo mno zisizoonekana kwa jicho, na mafuta yaliyosambaa vizuri hubaki yameshikwa kati ya punje hizo. Lakini yakitiwa nta ilipokwisha anza kuganda, hayapati pa kuingia. Hukaa mahali pamoja kama maji kwenye kidimbwi, na joto la ziwa likija huyasukuma nje. Zaidi ya hayo, mafuta ya karafuu ni mazito kuliko nta iliyoyeyuka, hivyo yasipokorogwa huzama. Na kwa kuwa mshumaa humiminwa kichwa chini, chini ya mwanzi ndiko kwenye ncha, pale pale tunapowasha kiberiti.

Siku ile tulirudia kazi yote tangu mwanzo. Nawaeleza hatua zake.

Kwanza, nta iwe safi na kavu. Iyeyushe pamoja na maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande, kisha kwangua uchafu wa chini na uianike kivulini hadi isiwe na unyevu. Tone la maji lililofichika ndani ya nta hulipuka mbele ya utambi.

Pili, usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Weka chombo chenye nta ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi. Ipashe hadi nyuzi 75 hivi. Asiye na kipimajoto angojee mpaka nta yote iwe angavu kama chai isiyo na maziwa, bila punje hata moja, kisha aiache dakika chache zaidi. Isipite sana hapo, kwani nta iliyoungua hubadilika rangi na kupoteza harufu yake ya asali. Lau ikishika moto, funika na uzime jiko. Maji yasimwagwe kamwe juu ya nta inayowaka, kwani moto utarukia uso na dari.

Tatu, pima mafuta. Kwa nta gramu 500, mafuta ya karafuu vijiko viwili vya chai, yaani gramu 10 hivi, yanatosha. Mafuta mepesi zaidi kwa harufu, kama ya mchaichai au mkaratusi, yaweza kufika vijiko vinne, lakini yasizidi sehemu 5 katika 100. Nta ina kiasi inachoweza kubeba, na ziada yote itarudi nje kuwa jasho. Chupa ya mafuta itumbukizwe kwanza katika maji ya vuguvugu. Asubuhi za Mbinga, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mafuta huwa baridi, na mafuta baridi huigandisha nta pale yanapoangukia. Chupa yenyewe iwekwe mbali na watoto: mafuta hayo ni sumu yakinywewa na huunguza ngozi.

Nne, ndiyo hatua aliyoikimbia mpwa wangu. Epua chombo motoni, tia mafuta ndani ya nta yote kabla ya kumimina, kisha koroga dakika mbili kamili. Koroga polepole, ukipitisha mwiko kwenye kitako na pembeni, bila kupigapiga, maana mapovu yatabaki ndani ya mshumaa. Ukiona utando mweupe ukingoni, nta imepoa: rudisha chombo kwenye maji ya moto. Harufu itakayopotea katika dakika hizo mbili ni ndogo. Ile inayopotea kwa jasho ni kubwa zaidi, na tena inahatarisha nyumba.

Tano, mwanzi uwe na vuguvugu kabla ya kumimina, na utambi uwe wa pamba iliyosukwa, mnene kiasi, kwani nta ya nyuki ni nzito kuwaka. Mshumaa wa kwanza usiuuze. Ukate vipande, unuse kila kimoja: harufu iwe sawa juu na chini. Kandamiza kipande kwenye karatasi mahali pa joto; pakitokea doa la mafuta, yeyusha vyote upya na kukoroga, bila kuongeza mafuta. Mwingine uwashe juu ya bati, nawe ukiwa karibu, uuangalie hadi uishe.

Tahadhari moja juu ya manukato ya dukani. Marashi ya mawaridi tunayonyunyiziana harusini ni maji yenye harufu, na maji na nta hayapatani. Manukato ya chupa ya kupulizia yana spiriti inayowaka upesi. Vyote viwili visikaribie sufuria ya nta.

Na jambo la mwisho ni la uaminifu. Wauzaji wengine huwaambia wateja wa ufukoni kwamba mshumaa wa mchaichai unafukuza mbu. Huenda ukapunguza mbu wachache pale pale ulipo, lakini haulindi mtoto aliyelala. Malaria huzuiwa kwa chandarua chenye dawa. Mama atakayeacha chandarua kwa kutegemea mshumaa wetu, sisi ndio tutakaokuwa tumemdanganya.

Umeme umesogea sana tangu njia kubwa ya Makambako hadi Songea ilipokamilika mwaka 2018. Hata hivyo mshumaa haujapoteza kazi: uko altareni, uko msibani, uko mezani siku umeme unapokatika. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpwa wangu ameyeyusha upya mishumaa yote iliyobaki, na kabla ya kuiuza ameniletea mmoja huku ziwani. Nimeuweka dirishani, kwenye jua, siku tatu. Haujatoa jasho.