Hofu ya Ini na Vidonge vya Lehemu

Wapo watumishi na walimu ambao, wakisha andikiwa statini, yaani vidonge vya kupunguza lehemu katika damu, huviacha kabatini kwa kuwa jirani amesema vinaharibu ini. Hofu hiyo haikuzuka bure. Statini hufanya kazi ndani ya ini lenyewe, kwa kuzuia kimeng'enya kinachotumika kutengeneza lehemu. Lovastatini, ya kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987, iliambatana na agizo la kupima ini mara kwa mara.

Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliondoa agizo hilo. Ilikuwa imedhihirika kwamba madhara makubwa ya ini ni nadra sana, tena vipimo hivyo havikuyagundua mapema wala kuyazuia. Kilichobaki ni kupima ini kabla ya kuanza dawa, na kupima tena zitokeapo dalili: macho ya manjano, mkojo mweusi, uchovu usio wa kawaida, maumivu chini ya mbavu za kulia. Vimeng'enya vya ini kupanda kidogo tu katika damu si ugonjwa.

Lawama si ya mgonjwa peke yake. Daktari anayeandika vidonge bila kueleza neno, kwa kisingizio cha foleni, ndiye anayemwachia jirani kazi ya kueleza. Na aliyekwisha pata mshtuko wa moyo au kiharusi, akiacha statini kwa uvumi, anairudia hatari ile ile iliyomfikisha hospitali.