Karanga nzuri kwa mnunuzi, mbovu kwa watoto?



Siku ya mafunzo ya biskwi pale Tunda, mama mmoja alituletea karanga za kutwanga. Tulizimwaga juu ya mkeka. Nyingi zilikuwa zimekunjamana, zingine na ukungu wa kijani. Tulipouliza, alitujibu bila kuficha: «Zile nzuri nimeuzisha kwa mnunuzi wa Kindu. Hizi ndizo zilibakia.» Hatukumcheka, sababu karibu sisi wote tunafanya vile. Lakini siku ile, mbele ya kuwasha moto, tulianza na kuchagua.

Kazi hii ya biskwi tunaipenda sana. Ngano haiko zao la Maniema. Unga wake unatoka mbali, na bei yake inabeba safari yote. Lakini muhogo, soya, karanga, ndizi na mawese viko kwetu. Tena vinasaidiana. Gramu 100 za unga wa muhogo hazina hata gramu 3 za protini, ile inayojenga mwili wa mtoto. Karanga inazo karibu 25, soya zaidi ya 35. Mawese mekundu yanaleta vitamini A, kama hatuyachomi mpaka yawe meupe. Ndizi iliyoiva sana inatia utamu bila sukari na inashikanisha unga bila mayai.

Hata ile paketi ya Plumpy'Nut wanayopewa watoto wenye utapiamlo, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996, chakula chake kikubwa ni karanga. Biskwi yetu haiko dawa: mtoto aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya mara moja. Lakini inaonyesha kwamba tunachouzisha kwa bei ya chini wakati wa mavuno ni chakula cha nguvu.

Basi, tuseme wazi: biskwi ya mabaki haiko chakula bora. Ukungu wa karanga unaleta sumu inayoitwa aflatoksini. Inaharibu ini, na inaweza kuleta kansa. Moto wa kuokea hauiondoi yote, kukaanga vilevile. Ukitwanga karanga mbovu, haionekani tena, lakini sumu iko ndani. Karanga za namna hiyo zisipewe mtoto, wala kuku.

Muhogo mchungu nao uloweshwe siku tatu ao ine, uanikwe vizuri ndipo usagwe. Kule Kwango watu walipatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, kwa kula muhogo ambao haukuloweshwa vya kutosha. Soya nayo isisagwe mbichi: tuichemshe dakika 20 hadi 30, tuianike, tuikaange kidogo, kisha tusage.

Tulivyofanya pale Tunda ni hivi: vikombe 2 vya unga wa muhogo, kikombe 1 cha unga wa soya, kikombe 1 cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, ndizi tamu 4 zilizopondwa, nusu kikombe cha mawese, chumvi kidogo. Kanda, tandaza nyembamba, kata. Kama hakuna furu, weka mchanga chini ya sufuria kubwa, sahani ya biskwi juu yake, funika, tia makala juu ya kifuniko. Zikikauka na kuanza kuwa za kahawia, toa. Muhogo hauvutani kama ngano, basi zikivunjika kidogo msikate tamaa.

Wengine watatuambia: «Feza ya masomo itatoka wapi kama hatuuzishi?» Swali ni la haki. Hatusemi msiuzishe. Tunaomba kila ushirika ukubaliane, mbele ya mnunuzi kufika, kila jamaa iweke pembeni mfuko mmoja wa karanga na kiasi cha soya, zilizochaguliwa na kukauka sawasawa. Mfuko huo usiguswe na mizani. Biskwi zitakazozidi, ba mama wauzishe sokoni na mbele ya masomo. Hapo feza nayo itaingia.

Mnunuzi wa Kindu anachagua karanga moja moja mbele ya kulipa. Watoto wetu hawawezi kuchagua, wanakula tunachowapa. Basi tuwachagulie sisi.