Saka si urithi wa mtu

Wiki hii bloku yetu haina amani, na si kwa sababu ya maji kukatika wala matokeo ya test. Kuna pendekezo linazunguka vyumbani kuhusu ligi yetu ya fantasi, na Jumapili linapigiwa kura. Mimi nalipinga. Nalipinga nikiwa shabiki wa Arsenal tangu shule ya msingi, kwa hiyo msije mkasema ni wivu wa mtu wa timu nyingine.

Pendekezo lenyewe ni hili: kabla ya drafti kuanza, kila mtu ahifadhiwe mchezaji mmoja wa timu anayoishabikia. Eti mtu hawezi kukaa msimu mzima akimwona kipenzi chake yuko kwa mwenzie. Jamani.

Kwa ambao hamumo kwenye ligi yetu, drafti ninayoisema si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Kwenye fantasi ya kawaida ya Ligi Kuu ya Uingereza unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, na hakuna kinachozuia watu wote nane kuwa na Saka. Kwenye drafti hakuna bei. Mnachagua kwa zamu, na akishachukuliwa ameondoka. Zamu zinakwenda kama nyoka: aliyechagua wa kwanza raundi ya kwanza anakuwa wa mwisho raundi ya pili. Sisi tuko nane, kwa hiyo wa kwanza anachagua namba 1, halafu anasubiri hadi namba 16. Wa nane anapata namba 8 na 9 kwa mpigo. Hapo ndipo haki ilipo. Ukishaanza kuhifadhiana, nyoka umemkata kichwa.

Na tuhesabu. Katika nane, wanne ni Arsenal. Nani anahifadhiwa Saka? Mtarusha shilingi? Mkirusha shilingi si mmerudi kwenye zamu tu, tena zamu mbaya zaidi. Wawili ni Manchester United, watagombana kwa Bruno Fernandes. Mmoja ni Liverpool, huyo anajichekea peke yake, maana Mohamed Salah msimu wa 2024/25 alifikisha pointi 344, ambazo hakuna mchezaji aliyewahi kuzifikia kwenye fantasi hii. Halafu yupo dada yetu wa Kemia, Yanga damu, ambaye Ligi ya Uingereza anaitazama kama kozi ya lazima. Yeye anahifadhi nani? Na huyo ndiye aliyemaliza wa pili mwaka jana! Mnataka kumwadhibu kwa kosa la kutompenda mtu.

Ila hilo la haki ni dogo. Kinachonikera zaidi ni kwamba hawa ndugu zangu wa Arsenal, hata wakipewa nafasi ya kuhifadhi, hawajui wahifadhi nani. Nimewauliza mmoja mmoja. Wa kwanza Saka, wa pili Ødegaard, na jamaa wa kitanda cha juu akasema Martinelli "kwa sababu ana mbio". Hakuna aliyetaja beki. Hata mmoja! Watu wa Arsenal, timu ambayo msimu wa 2023/24 ilifungwa mabao 29 tu katika mechi 38, hawamwoni beki.

Sisi ni walimu watarajiwa, na tumekaa semesta nzima kwenye Upimaji na Tathmini tukiambiwa kwamba mtihani haupimi ubora wa mwanafunzi, unapima kile ambacho mwongozo wa kusahihishia unakipa maksi. Fantasi ni mtihani, na mwongozo wake uko wazi. Beki au kipa akicheza dakika 60 na zaidi bila timu kufungwa akiwa uwanjani, anapata pointi 4 za klinishiti. Kiungo anapata 1. Mshambuliaji hapati kitu. Bao la beki ni pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Asisti ni 3 kwa kila mtu. Kucheza dakika 60 au zaidi ni 2. Hakuna mahali palipoandikwa "pasi tamu" au "ana mbio".

Chukueni Saliba wa msimu ule wa 2023/24. Alicheza kila dakika ya mechi zote 38. Hapo tu ni pointi 76. Arsenal walikuwa na klinishiti 18, na alikuwa uwanjani kwenye zote: pointi 72. Jumla 148 kabla hujagusa mabao yake, bonasi, wala makato ya kufungwa. Martinelli msimu huohuo alifunga mabao 6. Sita mara tano, thelathini. Mabao yote ya mwaka mzima ya mwenye mbio hayafiki nusu ya zile klinishiti za mtu ambaye kazi yake ni kusimama mahali sahihi. Na Ben White ndiye aliyeongoza mabeki wote wa ligi, pointi 182, na mabao 4 juu. Mtu ambaye kijiweni mnamkumbuka akikosea tu.

Mtaniambia Martinelli alifunga 15 msimu wa 2022/23. Ni kweli, na Ødegaard naye 15. Lakini angalieni kilichofuata kwa Ødegaard: 8 msimu wa 2023/24, halafu 3 msimu wa 2024/25. Si kwamba amesahau mpira. Timu ilibadilika, majeraha ya kifundo yalimweka nje, na kazi yake ikawa kupanga mashambulizi zaidi kuliko kumalizia. Kwa macho ya Arteta huenda ndiye mchezaji muhimu kuliko wote. Kwa mwongozo wa kusahihishia ni kiungo wa mabao matatu. Mkimhifadhi kwa mapenzi, sawa, ila msije mwezi wa tatu mkaanza kusema fantasi ni bahati.

Kuna jambo lingine ambalo hata wajuaji wa bloku wanaliruka: mchezaji ameorodheshwa kama nani. Kai Havertz alifunga mabao 13 msimu wa 2023/24 akiwa ameandikwa kiungo, ingawa nusu ya pili ya msimu alicheza sana mbele kabisa. Mabao 13 kwa 5 ni 65. Msimu uliofuata wakamhamishia orodha ya washambuliaji. Mabao yaleyale 13 sasa yangekuwa 52, na ile pointi moja ya klinishiti imekwenda. Mguu uleule, kichwa kilekile, ila kalamu ya mtu ofisini imemkata pointi. Kinyume chake ni Mikel Merino. Februari 2025 Arsenal hawakuwa na mshambuliaji, Jesus goti, Havertz msuli wa paja, Merino akaingizwa mbele dhidi ya Leicester na akafunga mawili. Kwenye orodha alikuwa kiungo! Mshambuliaji anayelipwa kwa bei ya kiungo. Nani alimchukua siku ile kutoka kwa wachezaji huru? Dada wa Kemia. Wana Arsenal wote wanne walikuwa bize kutukana bodi kwa kutosajili Januari.

Sasa twende kwa kipa, maana najua kuna mtu anasema "basi kama ulinzi ndiyo dili, namhifadhi Raya." Hapana, bwana. Raya ni kipa hodari, alichukua Glovu ya Dhahabu 2023/24 kwa klinishiti 16, na 2024/25 akaipata tena kwa 13, akigawana na Matz Sels wa Nottingham Forest. Lakini drafti haiulizi nani mzuri. Inauliza: nikimkosa huyu, nitabaki na nani? Tuko nane, kila mtu ana makipa wawili, jumla 16. Klabu ziko 20, kila moja ina kipa wake wa kwanza. Maana yake hata wote tukishachukua, kuna makipa wanne wanaocheza kila wiki wamekaa bure kama daladala za usiku. Tena kipa wa timu dhaifu anapigiwa mashuti mengi, na kila kuokoa mara tatu ni pointi. Mwaka ule wa glovu ya kwanza ya Raya, kipa aliyeongoza kwa pointi za fantasi alikuwa Pickford wa Everton, 153, na Everton walimaliza wa 15. Raya alicheza mechi 32, ndiyo, angecheza zote hadithi ingekuwa nyingine kidogo. Ila ni kidogo hichohicho ninachokisema: tofauti haitoshi kukufanya utumie zamu ya mapema kwa kipa.

Kwa washambuliaji hesabu inageuka. Nane mara tatu ni 24, na timu nyingi siku hizi zinaanza na mshambuliaji mmoja. Hawatoshi. Ndiyo maana mtu kama Gyökeres, aliyekuja Arsenal Julai 2025 baada ya kufunga mabao 39 ya ligi akiwa Sporting, hakuvutia kwa sababu ya yale 39 ya Ureno. Alivutia kwa sababu alikuwa mbele na anaanza. Hata hivyo kanuni inakulazimisha kuanza na mshambuliaji mmoja tu, wengine unaweza kuwaweka benchi ukacheza mabeki watano. Kwa hiyo pata mmoja mzuri, usipagawe na hao wengine wawili.

Saka mwenyewe? Jamani, Saka ni Saka. Mabao 16 msimu wa 2023/24, pointi 226. Sijasema msimchukue, nasema mumchukue kwa zamu. Na mkumbuke Desemba 2024: aliumia msuli wa nyuma ya paja kwenye mechi na Crystal Palace, akarudi Aprili 2025. Miezi mitatu na zaidi. Kwenye fantasi ya kawaida unamuuza unanunua mwingine wa bei ileile. Kwenye drafti wachezaji 120 wameshachukuliwa, unachokota ni makombo. Aliyemchukua kwa zamu alikuwa amejua hatari na akaikubali. Ukimpewa kama urithi, hujalipia kitu, na ukimpoteza utataka tukuonee huruma.

Na msimu wa 2025/26 mwongozo ukaongezwa: beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi kwenye mechi, yaani kukaba, kuondosha hatari, kunasa pasi na kuzuia mashuti, anapata pointi 2. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa wafikishe 12, ila wao wanahesabiwa na mipira waliyoirudisha. Declan Rice hakuamka siku hiyo akiwa mchezaji mpya. Alikuwa anafanya kazi hiyohiyo miaka yote bila maksi, kama yule mwanafunzi anayesafisha ubao kila siku na kwenye ripoti hapati hata mstari. Sasa kapewa mstari. Wangapi kati yenu mmemtaja mkiulizwa nani wa kuhifadhi?

Najua jibu la jamaa wa kitanda cha juu: "Fantasi ni burudani, kwa nini unaleta hesabu za kozi?" Burudani ya timu yako unaipata kwenye kibanda cha mpira, unalipia kiti, unapiga kelele, unarudi. Burudani ya drafti ni nyingine kabisa. Ni kule kukaa zamu ya sita ukiomba watu watano wamsahau mtu unayemtaka, halafu wa tano anamtaja. Mnataka kuiondoa hiyo ndiyo muite burudani? Na kila mmoja ametoa buku tano ya bumu lake. Elfu arobaini si hela ya kugawa kwa shilingi iliyorushwa.

Jumapili napiga kura ya hapana, na dada wa Kemia ameshasema yuko nami. Tunahitaji watatu wengine. Kama mmoja wenu wana Arsenal anasoma hapa, njoo chumbani, chai ipo.

Zamu yangu nikipangiwa ya nane sitalia. Nitachukua mshambuliaji na kiungo kwa mpigo, na Gabriel Magalhães, yule wa vichwa vya kona, nitamwacha hadi raundi ya tatu kwa sababu najua hakuna atakayemgusa. Basi, nimeshaandika, mtamgusa. Chukueni. Mtaniachia Saliba.